Udongo Hauulizi

Katika watumishi wote wa mwanadamu, ni vigumu kumpata aliye mwaminifu kuliko udongo. Ukiupa mbegu ya mahindi, hukurudishia mahindi. Ukiupa mbegu ya mchongoma, hukurudishia miiba. Haupokei rushwa, hausahau, wala hautazami uso wa mpanzi. Mwema na mwovu, tajiri na maskini, wote huvuna kwa kadiri ya mbegu na bidii yao. Lakini uaminifu huu una upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba udongo hauulizi. Haumwulizi mkulima mbegu yake ni ya nini, wala mavuno yake yatakwenda katika kinywa cha nani. Swali hilo ameachiwa mtu peke yake, na asipojiuliza mwenyewe, hakuna wa kumwulizia.

Msomaji mpenzi, swali hilo ndilo nitakalo tulitazame pamoja. Je, kazi iliyofanywa kwa ustadi ni njema kwa sababu ya ustadi wake? Au wema wa kazi hutoka mahali pengine, na ustadi huwa chombo tu, kama jembe, kinachofuata mkono unaokishika?

Ili tusizungumze hewani, twende mahali panapojulikana. Mtu atokaye Nairobi kwenda kaskazini-mashariki hufika kwanza Ruiru, kisha Juja, kisha Thika. Upande wa juu wa nchi hiyo una udongo mwekundu, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Upande wa chini, uwandani, una udongo mweusi ambao hunata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ni nchi ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamejifunza ndani yake namna ya kuzungumza na ardhi. Mwaka 1944 serikali ya wakati ule ilinunua shamba la Jacaranda, karibu na Ruiru, likawa makao ya utafiti wa kahawa. Tangu mwaka 1922 wakulima wa Kenya walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa uozeshao buni ingali mbichi mtini. Wataalamu wa Ruiru walichanganya mbegu kwa miaka mingi, wakajaribu, wakashindwa, wakajaribu tena, mpaka mwaka 1985 wakatoa mbuni uitwao Ruiru 11, unaostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Thika nako kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda, na Juja, katikati ya miji hiyo miwili, kuna chuo kikuu kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na ufundi.

Katika miaka ya karibuni elimu ya zamani imerudi kwa heshima mpya, nayo ni elimu ya kuulisha udongo ili udongo uulishe mmea. Tangu mwaka 1986 Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya imekuwa ikiwafundisha wakulima kutengeneza mboji. Majani makavu hupangwa juu ya majani mabichi, na samadi juu ya majani, kisha maji hunyunyizwa kwa kiasi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kazi, na moyo wa chungu hiyo hupata joto liwezalo kufika nyuzi 60. Hupinduliwa, huachwa, hupinduliwa tena, na baada ya miezi michache uchafu wa jikoni na zizini umegeuka udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Wengine hufuga nyungunyungu na kutumia kinyesi chao kuwa mbolea. Wengine huongeza vichocheo vya mimea, kama maji ya mwani wa baharini, au kuvu wema waishio katika mizizi na kuisaidia kufikia chakula ambacho isingekifikia peke yake.

Elimu hii ni nzuri, na anayeijua anastahili sifa. Humfundisha mtu subira, kwa kuwa mboji haitaki haraka. Humfundisha uwekevu, kwa kuwa hakuna ganda wala jani la kutupwa. Humfundisha na unyenyekevu, kwa kuwa mkulima hujua kwamba mfanyakazi mkubwa shambani si yeye bali ni viumbe asivyoviona. Tena humfundisha jambo moja ambalo tutalihitaji mbele. Maganda ya buni yakitupwa mtoni kwa wingi, huoza na kuimaliza hewa iliyo majini, samaki wakafa na watu wa chini ya mto wakapata maji yanayonuka. Maganda yale yale yakiwekwa katika mboji, hurudi shambani yakawa chakula cha mbuni. Kitu hakikubadilika. Kilichobadilika ni mahali kilipopelekwa.

Sasa tumfikirie kijana mmoja. Hana jina, kwa maana nimemwunda mwenyewe ili atusaidie kufikiri. Anakaa Ruiru, mahali ambapo mashamba mengi ya kahawa yamekatwa viwanja na kujengwa nyumba za ghorofa, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Alisoma, akamaliza, akatafuta kazi asipate. Hana shamba, lakini ana ruhusa ya kutumia dari ya nyumba anayopanga. Akakusanya magunia na mapipa mabovu, akaomba samadi kwa mwenye ng'ombe, akatengeneza mboji, akapanda sukuma wiki, dania na nyanya. Mboga zake zikastawi mpaka majirani wakastaajabu. Lakini fungu la sukuma wiki huuzwa kwa shilingi chache, na kodi ya nyumba haingojei. Siku moja rafiki akamwambia, “Udongo mzuri kama huu unaupoteza kwa mboga. Panda bangi nyuma ya mapipa, hapana mtu atakayejua, na mche mmoja utakulipa kuliko gunia zima la sukuma wiki.”

Kijana huyu si mpumbavu, wala si mwovu. Kabla ya kupanda atajitetea moyoni mwake, na utetezi wake una nguvu kiasi cha kutosha kumshawishi hata mtu mwenye akili. Haki yake ni kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Utetezi wake wa kwanza ni huu: “Mmea huu ni wa asili. Nitaukuza kwa samadi na mboji, bila dawa ya kiwandani. Kitu safi namna hii chawezaje kudhuru?” Maneno haya hupendeza masikioni, walakini hayana mizizi. Mnanaha nao ni mmea wa asili. Huota wenyewe penye jaa na samadi, na mbegu zake huweza kumtia mtu wazimu au kumwua. Tumbaku iliyokuzwa kwa samadi bora hubaki tumbaku, na mapafu ya mvutaji hayatambui tofauti. Mbolea safi hulisha mmea; haigeuzi tabia ya mmea. Neno “asili” latuambia kitu kimetoka wapi, lakini halituambii kitafanya nini kikifika. Vivyo hivyo, si haki kusema kwamba mmea huo umelaaniwa. Nyuzi za jamii yake zimetengeneza kamba na nguo tangu zamani, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotolewa katika mmea huo kwa watoto wenye kifafa kikali. Dawa hiyo hupimwa, hutolewa na daktari, na hupewa mgonjwa anayejulikana. Basi turudi kwenye maganda ya buni: swali ni mahali kitu kinapopelekwa.

Utetezi wa pili ni huu: “Hii ni nyumba yangu. Nifanyalo ndani ya ua wangu halimhusu mtu.” Huu ni utetezi mzito, na wenye hekima wamebishana juu yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima hawezi kuadhibiwa kwa kukuza au kutumia bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Katika Kenya, mwaka 2021, jumuiya ya Marastafari ilipeleka shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi ikiomba waumini wake waruhusiwe kuitumia faraghani katika ibada. Mtu aweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini hawezi kusema kwamba ni maneno ya watoto. Uhuru wa faragha ni kitu cha thamani, na serikali iingiayo katika kila chumba huishia kuwa mzigo kwa raia wake.

Lakini tazama, msomaji, kama utetezi huo wamfaa kijana wetu. Mahakama ile ya Afrika Kusini ilizungumza juu ya mtu mzima na matumizi yake mwenyewe. Haikumpa mtu ruhusa ya kuuza. Kijana wetu hataki kuvuta; anataka kulipa kodi ya nyumba. Siku ile atakapompata mnunuzi wa kwanza, kazi yake imevuka ua, imeshuka ngazi, imetoka barabarani, nayo haitarudi tena ndani. Na mnunuzi huyo ni nani? Biashara ya siri haiulizi umri. Yamkini ni kijana wa miaka kumi na mitano aliyeachiwa nauli na mama yake. Waganga wanatueleza kwamba ubongo wa binadamu huendelea kujengwa mpaka karibu umri wa miaka 25, na kwamba wanaoanza bangi mapema na kuitumia mara kwa mara hujitia katika hatari kubwa zaidi ya kudhoofika kumbukumbu na, kwa baadhi yao, kupatwa na ugonjwa wa akili. Si kila avutaye huugua, na si haki kuwatisha vijana kwa uongo. Lakini mkulima wa siri hana njia ya kumjua yupi ataugua na yupi atapona. Anapanda katika bongo za watu asiowajua, na bongo hizo si ua wake.

Utetezi wa tatu ndio unaonifikirisha kuliko yote. Kijana asema, “Sheria ni maneno ya watu. Hapa hapa petu sheria iliwahi kukataza mmea mwema.” Asema kweli. Wakati wa ukoloni, katika nchi hii ya Thika na Ruiru, Mwafrika aliruhusiwa kuchuma kahawa ya mlowezi, kuibeba, kuiosha na kuianika, lakini hakuruhusiwa kupanda yake. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa huko Meru, Embu na Kisii. Watu wa Kiambu na Murang'a walingoja mpaka miaka ya 1950, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa upana. Walowezi walisema kwamba Mwafrika angeeneza magonjwa ya kahawa na kuharibu sifa yake sokoni. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na hofu nyingine: mtu mwenye mibuni yake hangetaka kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Kama sheria ile ilikuwa dhuluma, twajuaje kwamba hii ya leo si dhuluma?

Hapa yatupasa kupima kwa mizani, si kwa hasira. Kanuni ile ya kahawa haikuutazama mmea. Ilitazama rangi ya mkono wa mpanzi. Mbuni ule ule ulikuwa halali upande mmoja wa ua na haramu upande wa pili. Hiyo ndiyo alama ya dhuluma, kwamba kosa si tendo bali ni mtendaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya yautazama mmea na madhara yake, na yawahusu watu wote, mweusi na mweupe, mwenye kasri na mwenye chumba kimoja. Yawezekana ni kali kupita kiasi, maana iliweka kifungo kisichozidi miaka 20 kwa mwenye kukuza mmea huo. Yawezekana pia kwamba haina ulinganifu, kwa kuwa pombe na tumbaku, ambazo huua wengi, huuzwa dukani, na miraa hulimwa kwa halali. Lakini mtu anayeiona sheria kuwa mbaya leo ana mlango wa kubisha ambao mchuma kahawa wa mwaka 1930 hakuwa nao. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipendekeza hadharani kwamba sheria hiyo ibadilishwe. Alisimama mchana, akataja jina lake, akajibu maswali. Marastafari walikwenda mahakamani wakafanya vivyo hivyo. Aipingaye sheria waziwazi kwa ajili ya haki ya wengi, na aikwepaye gizani kwa ajili ya mfuko wake, hawafanani hata kidogo, ijapokuwa wote wawili wanaweza kusema neno moja.

Limebaki neno moja, nalo ni umaskini. Singependa kulipita kwa haraka kama wapitavyo wenye shibe. Kijana wetu hakuchagua kukosa kazi. Jamii inayomfundisha mtu miaka kumi na minne, kisha ikamwacha juu ya dari na magunia yake, ina deni kwake, na haitalilipa deni hilo kwa kumfunga tu. Akistahili lawama, lawama hiyo haimwangukii peke yake. Mwenye kununua mboga zake kwa bei ya kumdhulumu, na mwenye madaraka anayekula fedha zilizotengwa kwa ajili ya vijana, nao wana fungu lao. Lakini umaskini, ijapokuwa waeleza mengi, hautoi ruhusa ya kuutua mzigo wetu juu ya kichwa cha mdogo kuliko sisi. Mwenye njaa akichukua chakula cha mwenye njaa zaidi, njaa haikupungua, imehama tu. Kijana wa miaka kumi na mitano anayenunua ile bangi ni maskini pia, na mama yake ni maskini, na mwisho wa safari ni wao watakaolipa kodi ya nyumba ile.

Sasa twaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Ustadi ni nguvu, na nguvu haina uso. Daktari ajuaye kipimo cha dawa kiponyacho ajua pia kipimo kiuacho. Mhunzi atengenezaye kufuli aweza kutengeneza ufunguo wa mwizi. Mkulima mwenye mboji nyeusi na nyungunyungu wanono aweza kukuza chakula au ulevi, na mizizi itashuka kwa furaha ile ile. Kwa hiyo haitoshi kusema, “Nimeifanya kazi yangu vizuri.” Neno hilo laweza kusemwa na mtu yeyote mwenye mikono myepesi. Wema wa kazi huanza pale mfanyaji anapoifuata kwa macho mpaka mwisho wa safari yake, akamtazama mtu itakayemfikia, akaweza kumtazama bila kuinamisha kichwa.

Wewe usomaye maneno haya utapata ustadi wako. Huenda ukawa wa udongo, au wa dawa, au wa hesabu za fedha, au wa mashine zinazofikiri kwa haraka kuliko binadamu. Walimu wako watakupima kwa mtihani kama unajua kuifanya kazi hiyo, na ni vema wakupime kwa ukali. Lakini hapana mtihani utakaokuuliza kazi yako itamfikia nani. Chombo chako nacho hakitakuuliza, mnunuzi hatakuuliza, na mara nyingi rafiki zako watakuomba usijiulize. Basi jizoeze mapema, wakati mambo yangali madogo. Unapopewa mbegu, ya shambani au ya maneno, ishike kiganjani kwanza, uijue ni mbegu gani, uwaze ni nani atakayekula matunda yake. Ukiridhika, chimba shimo, tia mboji, upande. Kazi nyingine yote udongo utaimaliza.